Probox ya Vifaranga na Taa za LED: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Mwenye gari ninayemzungumzia hapa ni mzee mmoja wa Tanga anayefanya biashara ya vifaranga wa siku moja. Vifaranga hawasafirishwi mchana wa jua kali, kwa kuwa joto huwamaliza ndani ya makasha kabla ya kufika, na kwa sababu hiyo gari lake, Toyota Probox ya mwaka 2006, hupakia Dar es Salaam jioni na kuingia Tanga alfajiri, baada ya kupita Chalinze, Wami, Mkata, Kabuku na Segera. Hiyo ni njia ya malori usiku kucha, ya ng'ombe wanaovuka bila kuangalia upande wowote, na ya waenda kwa miguu waliovaa nguo za giza. Mtu wa safari za namna hiyo akisema haoni vizuri, ujue hatafuti mapambo ya gari.

Kwa maelezo yake, taa kubwa zilikuwa zimefifia kidogo kidogo kwa muda mrefu, hadi akazoea kujibanza nyuma ya basi au lori ili atumie mwanga wa mwenzake. Mara mbili alinunua balbu mpya za kawaida za aina ya H4, na mara zote mbili hakuona tofauti. Jambo hilo lilipaswa kumshtua mtu, kwani balbu mpya isipoleta badiliko lolote, maana yake ni kwamba kasoro haikuwa kwenye balbu. Swali la kasoro iko wapi basi halikuulizwa. Muuzaji wa duka la spea alimweleza kwamba halojeni, yaani hizo balbu za kawaida zenye uzi, zimepitwa na wakati, akampa seti ya LED kwa bei inayokaribia mara tano ya jozi ya balbu za kawaida, na juu ya boksi palikuwa pameandikwa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 20,000 na wati 200. Mchana mmoja ulitosha kwa fundi wa kijiweni kubadilisha taa kubwa, taa za breki, indiketa za nyuma, taa ndogo za mbele, taa ya namba na taa ya ndani.

Wiki tatu baadaye gari lililetwa kwangu. Mzee alikuwa na orodha ya mambo: madereva wanaokuja mbele humpigia fuli, yaani mwanga wa mbali, mfululizo kana kwamba yeye ndiye aliyewasha fuli, mvua ilimkuta Mkata akalazimika kusimama kando kwa sababu mbele yake palikuwa ukuta mweupe, indiketa ilicheza haraka mno, ikarekebishwa, kisha sehemu ya nyuma ya gari ikaanza kunuka plastiki iliyoungua, na redio ikawa haishiki stesheni ya FM akiwasha taa. Lakini kauli iliyonifanya niandike kisa hiki ni ile aliyoitoa akiwa ameegemea boneti: "Fundi, taa hizi zinawaka kuliko za basi, lakini mimi sioni."

Nilianza kwa kuziwasha mbele ya ukuta wa karakana, na sina budi kukiri kwamba kwa mtazamo wa kwanza hata mimi ningezipa alama nzuri. Ukuta uling'aa mweupe, sakafu iliyo mbele ya bampa ilionekana hadi punje za mchanga. Huo ndio mtego wenyewe. Duka la spea huonyesha taa kwa umbali wa mita 2 au 3, mchana, na hapo anayeshinda ni yule anayemwaga mwanga mwingi karibu. Barabara haiulizi mwanga ulio mita 3 mbele ya gari.

Ili kueleza kilichotokea, inafaa tuifungue balbu ya H4 na kuitazama. Balbu hiyo ni moja lakini ina nyuzi mbili ndani yake. Uzi wa fuli umekaa karibu kabisa na kitovu cha kiakisi, yaani lile bakuli linalong'aa nyuma ya taa. Uzi wa dimu, yaani mwanga ulioshushwa wa kupishana, wenye urefu wa milimita 5 hivi, umekaa mbele yake, na chini yake kuna kikombe kidogo cha bati. Kikombe hicho hudharauliwa na wengi, lakini ndicho kinachoifanya dimu iwe dimu: kinaziba mwanga usifike kwenye nusu ya chini ya kiakisi, kwa sababu mwanga ambao ungegonga nusu ile ungerudi ukielekea juu, moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja. Nusu ya juu ya kiakisi ndiyo inayobaki kufanya kazi, ikiutupa mwanga chini barabarani. Matokeo yake ukutani ni mstari ulio wazi, juu giza na chini mwanga, na upande wa kushoto mstari huo unapanda kidogo ili umulike ukingo wa barabara na watembea kwa miguu. Kwa kuwa Japani na Tanzania zote huendesha kushoto, mpando huo unafika kwetu ukiwa upande unaotakiwa. Wenzetu wa Bujumbura wanaoendesha kulia wakilileta gari hilohilo, mpando uleule huelekea machoni mwa dereva wa upande wa pili.

LED ya kubandika mahali pa H4 hujaribu kuiga mpangilio huo kwa vipande bapa vya chipu vilivyogandishwa pande mbili za kipande cha chuma, na chini ya chipu za dimu huwekwa kibati cha kuigiza kile kikombe. Uigaji unaweza kuwa mzuri au mbaya, lakini hauwezi kuwa kitu kilekile, kwa kuwa uzi humulika pande zote kuuzunguka, ilhali chipu humulika upande wake tu, na unene wa kile chuma huzisukuma chipu mbali na mhimili ambao kiakisi kilichorewa kuufuata. Umbali huo ni mdogo lakini taa ni chombo kinachokuza makosa. Katika kiakisi ambacho kitovu chake kiko milimita 25 hivi kutoka nyuma ya bakuli, chanzo cha mwanga kikihama kwa milimita 1 tu, mwanga wake utahama kwa karibu sentimita 40 kwenye ukuta ulio mita 10 mbele.

Tuliliweka gari mita 10 kutoka ukutani, mahali pa tambarare, magurudumu yakiwa na upepo kamili na nyuma tumeweka magunia manne ya chakula cha kuku, kwa sababu mzee huyabeba karibu kila safari na uzito wa nyuma huinua pua ya gari. Katikati ya taa kulikuwa na kimo cha sentimita 70. Kanuni inayofuatwa mahali pengi ni kwamba dimu ishuke kwa takriban asilimia 1, maana yake kwa umbali ule mstari ulipaswa kukaa sentimita 60 kutoka ardhini. Hatukuupata mstari. Taa ya kushoto ilitoa wingu la mwanga lililopanda hadi kifuani mwangu, na taa ya kulia ilitoa umbo lililolala kishazari, kama mtu aliyeinamisha kichwa. Hili la kulia lilikuwa na sababu yake ya pekee: kola ya balbu, yenye ndimi tatu zinazoingia kwenye taa, ilikuwa imefungwa kwa kiparafujo kilicholegea, na balbu ikazunguka ndani yake hadi chipu zilizotakiwa kutazama kushoto na kulia zikawa zinatazama nusu juu na nusu chini. Niliizungusha nikaikaza, na mambo yakawa afadhali upande ule, ila mstari haukutokea.

Hapa kuna ushauri unaotolewa sana mitaani, kwamba LED ikisumbua watu ishushwe kwa parafujo za taa. Parafujo hizo huushusha mstari. Pasipo na mstari huna unachokishusha isipokuwa wingu lote, na ukilishusha wingu hadi lisimfikie anayekuja, umeshaupoteza mwanga wa mbali ambao ndio ulioununua.

Jioni hiyohiyo tulikwenda kwenye uwanja wa mpira wa mtaani usio na taa. Kijana wangu alichukua gunia la rangi ya kijivu, akalilaza chini na kulisogeza hatua kwa hatua mbali na gari, nami nikiwa kwenye kiti cha dereva nimewasha dimu, hadi nikamwambia silioni tena. Kwa LED zilizotoka kuwashwa gunia lilipotea mita 43. Tuliziacha zikawaka kwa nusu saa injini ikiwa inafanya kazi, tukarudia, likapotea mita 38. Upungufu huo una maelezo yake. Balbu ya halojeni hutupa joto lake mbele pamoja na mwanga, lakini LED hurudisha joto nyuma, kwenye kitako, na chipu ikipata joto hutoa mwanga mdogo zaidi. Ndiyo maana balbu hizi zina feni ndogo au mapezi ya alumini. Feni zetu zilikuwa zimebanwa nyuma ya taa, ndani ya boneti yenye joto la injini, zikivuta hewa ambayo tayari ni moto.

Zile mita 38 zilinitia hofu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde 1.5 kabla ya mguu wake kufika kwenye breki na breki kuanza kushika, nazo ni mita 33 zimekwisha. Kisha kwenye lami kavu na matairi mazima gari huhitaji mita nyingine 35 hivi kusimama. Jumla ni mita 68. Mzee alikuwa akiendesha kwa mwendo ambao gunia, au mtu aliyelala barabarani, angemwona baada ya nafasi ya kusimama kwisha, na wakati huohuo alijiona yuko salama kuliko zamani kwa sababu eneo la mita 15 mbele yake liling'aa kama ukumbi wa harusi. Mng'ao huo wa karibu una madhara yake, kwani mboni ya jicho husinyaa kuufuata, na macho yenyewe huvutwa kutazama pale penye mwanga, hivyo kilicho mbali na gizani hupotea zaidi. Kauli ya mzee kwamba taa zinawaka lakini haoni ilikuwa sahihi neno kwa neno.

Kuhusu mvua, wengi husema kosa ni rangi nyeupe, na kwamba mwanga wa njano hupenya. Sikubaliani nao sana. Matone ya mvua na ya ukungu ni makubwa mno kwa rangi kuleta tofauti wanayoidhani. Kinachotengeneza ule ukuta mweupe ni mwanga uliotupwa juu ya mstari, ambao hugonga matone yaliyo mbele ya macho ya dereva na kurudi kwake. Kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, LED zake zilikuwa za 6,000 na zaidi, halojeni ni kama 3,200, nami nakubali kwamba weupe ule wenye ubluu huchosha macho. Lakini ingekuwa dimu yenye mstari safi, asingesimama Mkata.

Tukapima pia umeme, kwa udadisi juu ya zile wati 200. Kila balbu ya dimu ilivuta ampia 1.8 kwa volti 13.6, yaani wati 24.5, na mbili kwa pamoja hazifiki 50. Ukiwa mkarimu ukahesabu lumeni 100 kwa kila wati, jozi nzima haifiki lumeni 5,000, na namba iliyoandikwa kwenye boksi imezidi hapo mara nne. Kwa kulinganisha, H4 ya kawaida ya wati 60 kwa 55 hutoa takriban lumeni 1,650 kwa fuli na 1,000 kwa dimu. Kwa hiyo LED zilikuwa kweli na mwanga mwingi kuliko H4, na huo ndio uliokuwa ukimwagika juu ya mstari na mbele ya bampa.

Bado lile swali la mwanzo lilikuwa halijajibiwa: kwa nini balbu mpya za kawaida hazikuleta tofauti? Tulizitoa LED na kurudisha H4, tukawasha injini na dimu, tukapima volti mara mbili, kwanza kwenye vichwa vya betri kisha nyuma ya soketi ya taa ikiwa balbu inawaka. Betri ilisoma 13.8. Soketi ilisoma 12.1. Volti 1.7 zilikuwa zinapotea njiani, nusu upande wa chanya na nusu karibu sawa upande wa hasi. Soketi yenyewe ilikuwa imebadilika rangi kwa joto, vishikio vyake vimelegea, na waya mmoja umekakamaa hadi unakatika ukiukunja. Gari la miaka mingi lililokaa kando ya bahari halishangazi kwa hali hiyo. Kisichofahamika na wengi ni gharama ya upungufu huo. Mwanga wa balbu yenye uzi haushuki sambamba na volti, bali hushuka kwa kasi zaidi, karibu kwa kipeo cha 3.4. Ukipunguza volti kwa asilimia 10 unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Kwa upungufu wa gari hili, taa zilikuwa zinatoa asilimia 64 tu ya mwanga ambao zingetoa kwa volti za betri, zikiwa na balbu mpya kabisa. Rangi ya njano iliyozidi, ambayo mzee aliilaumu, ni dalili ya ugonjwa huohuo, kwa kuwa uzi usiopata moto wa kutosha huwaka wa njano kama mkaa unaopoa.

Hapa ndipo LED zilipompotosha kila mtu. Ndani ya balbu ya LED kuna saketi inayodhibiti umeme, na kwa kuwa inahitaji ampia chache na inavumilia volti pungufu, iliwaka kikamilifu kwenye waya uleule mbovu. Ugonjwa ulikuwa palepale, umefunikwa, na soketi ile ingeendelea kuchoka.

Kasoro ya pili haikuhitaji mita. Vioo vya taa vya gari hili, ambavyo kwa kweli ni plastiki ngumu, vilikuwa vimekuwa vya njano na ukungu kwa jua, kama ilivyo kwa magari mengi yanayoegeshwa nje huku pwani. Kioo cha namna hiyo hakipunguzi mwanga tu. Huutawanya, kikiutoa mwanga mahali ulipopangwa kwenda na kuurusha kila upande, ikiwamo juu. Ukiweka nyuma yake chanzo chenye mwanga mwingi, unaongeza wingu. Na kulikuwa na jambo la tatu lililofanywa na kijiwe chenyewe: kifuniko cha mpira kinachoziba nyuma ya taa kilikuwa kimekatwa na kutupwa ili feni ipate nafasi. Wiki tatu tu, na tayari ndani ya taa ya kushoto kulikuwa na vumbi na alama za matone yaliyokauka. Kiakisi ni plastiki iliyopakwa utando mwembamba sana wa alumini. Ukishachakaa huwezi kuufuta kwa kitambaa bila kuuondoa.

Matengenezo yalichukua siku moja na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda kwenye msasa. Vioo vilisuguliwa kwa maji, kuanzia msasa namba 800, kisha 1,500, kisha 2,000, vikapigwa polishi na mwishoni vikapuliziwa vanishi inayozuia miale ya jua. Wapo wanaosugua kwa dawa ya meno. Kioo hung'aa kwa majuma machache kisha hurudi palepale, maana tabaka la kinga limeondolewa na hakuna lililowekwa badala yake. Kwa upande wa umeme tuliweka soketi mpya za kauri, waya mnene wa milimita mraba 2.5 kutoka betri, relei mbili (swichi zinazoendeshwa kwa umeme mdogo), moja ya dimu na moja ya fuli, na fyuzi ya ampia 15 karibu na betri. Swichi ya usukani ikabaki na kazi ya kuamrisha relei tu. Anayefanya kazi hii kwenye magari ya Kijapani ya zamani aanze kwa kuchunguza swichi inakata upande gani, kwa sababu baadhi yake hukata hasi badala ya chanya, na relei zikifungwa kwa mazoea fuli haitawaka, au taa ya bluu ya dashibodi itabaki imewaka muda wote. Tulinunua pia mipira mipya ya kuziba nyuma.

Volti kwenye soketi zilipanda hadi 13.5. Ukutani mstari ulirudi, ukiwa na mpando wake wa kushoto, tukaushusha hadi sentimita 60. Uwanjani, gunia lilelile, mtazamaji yuleyule, lilipotea mita 62. Balbu zilikuwa zile H4 za kawaida alizozinunua mzee mwenyewe miezi iliyopita na kuzitupa chini ya kiti.

Mita 62 bado ni pungufu ya 68. Nilimwonyesha hesabu hiyo na kumshauri kwamba anapopishana na malori kwa dimu asizidi kilomita 70 kwa saa, mwendo ambao humsimamisha ndani ya mita 56 hivi. Alicheka, akasema vifaranga hawana haraka kama wenye mabasi.

Nyuma ya gari kulikuwa na makosa madogo zaidi, lakini ya hatari ya namna nyingine. Balbu ya indiketa ni ya wati 21 na huvuta karibu ampia 1.75, LED iliyowekwa haikuvuta hata robo yake. Relei ya indiketa imeundwa kutambua upungufu huo kuwa ni balbu iliyokufa, na huharakisha mchezo ili dereva ajue. Badala ya kubadilisha relei, kijiwe kiliongeza resista (vipande vinavyokula umeme) za ohmu 6 ili kuidanganya. Kwa volti 13.8, resista kama hiyo huvuta ampia 2.3 na kuzalisha karibu wati 32 za joto tupu, na hizi zilikuwa zimefungwa kwa utepe kwenye plastiki ya pembeni ya buti. Zikicheza kwa sekunde chache kwenye kona hazina shida. Mzee alipopata pancha karibu na Hale akaacha hazadi ikicheza zaidi ya nusu saa, plastiki ikayeyuka. Resista huwekwa kwenye bati tupu la bodi, na hata hapo sizipendi, kwa sababu zimemnyang'anya dereva ile tahadhari: LED ikifa, mchezo utaendelea kama kawaida.

Taa za breki zilikuwa LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu. LED nyeupe kwa asili ni chipu ya bluu iliyofunikwa unga wa fosfora, na mwanga wake una wekundu mchache. Kioo chekundu huzuia karibu kila kitu kingine, hivyo kinachotoka ni hafifu na cha waridi. Zaidi ya hapo, tofauti kati ya taa ndogo na breki, ambayo kwa balbu ya kawaida ni wati 5 dhidi ya 21, ilikuwa ndogo kiasi kwamba nikiwa mita 30 nyuma nilibahatisha kujua kama amekanyaga. Nilipendekeza arudishe balbu za kawaida. Angetaka LED hapo, ningekubali nyekundu yenye ubora, kwa kuwa LED huwaka karibu sekunde 0.2 kabla ya balbu ya uzi, na kwa kilomita 80 kwa saa hizo ni mita 4 na zaidi alizopewa anayefuata nyuma. Hakutaka tena.

Taa ya namba, taa ya ndani na taa ndogo za mbele tuliziacha zikiwa LED. Hazina kiakisi cha kuzielekeza, zinavuta umeme mdogo, na mzee anapokagua makasha usiku taa ya ndani nyeupe humsaidia. Mbili zilizokuwa haziwaki zilihitaji tu kugeuzwa, maana LED huchagua chanya na hasi. Redio nayo ilipona siku zilipoondoka LED za mbele. Saketi zao ndizo zilizokuwa zikipiga kelele kwenye masafa ya FM.

Nisieleweke kwamba napinga LED kwenye taa kubwa. Lexus LS 600h ya mwaka 2007, kutoka kampuni ileile na mwaka mmoja tu baada ya Probox hii kuundwa, ilitoka kiwandani na dimu za LED, kwa sababu kioo, kiakisi, upoozaji na chipu vilichorwa pamoja. Hata ya kubandika inaweza kuidhinishwa: Ujerumani iliruhusu ya kwanza mwaka 2020, balbu ya OSRAM ya aina ya H7, baada ya vipimo, na kwa aina za magari zilizotajwa kwenye orodha tu. Gari lisilokuwa kwenye orodha haliruhusiwi, hata kama balbu inaingia. Ukifikiri hivyo, utaona kwamba kilichoidhinishwa pale ni ndoa ya balbu fulani na taa fulani, jambo ambalo boksi la dukani haliwezi kuliahidi kwa kuandika H4 ubavuni.

Mzee ameshafanya safari kumi na moja tangu siku ile. Anapigiwa fuli mara chache, na mara nyingi ni yeye aliyesahau kushusha. LED zake alizikataa, muuzaji akakataa kuzipokea, basi moja nimeifunga kwenye ubao pamoja na betri kuukuu, tunaitumia kumulikia chini ya magari. Vioo tutavikagua tena mwezi wa sita, kwa sababu vanishi niliyotumia upande wa kulia iliisha koponi kabla ya tabaka la pili, na nadhani upande huo ndio utakaoanza kufifia.